MCHEZO WA BAO: HASHINDI MWENYE KETE NYINGI

Mataifa mengi husifu sataranji kwa kuwa haina bahati ndani yake, bali akili tupu. Watu wa pwani wana mchezo wa namna hiyo, nao ni bao. Mwaka 1995 mtaalamu wa Uholanzi, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar. Kijana wa Ramisi atakaye kujifunza asizuiliwe na kukosa ubao. Mashimo 32 mchangani, safu nne za manane manane, pamoja na komwe 64 kutoka vichakani, yatosha.

KUPANGA. Wachezaji wawili hukabiliana, kila mmoja akiwa na safu ya mbele na ya nyuma. Shimo la mbele la tano kutoka kushoto kwake ni nyumba. Hutiwa kete sita. Mawili yafuatayo kuliani hutiwa mbili mbili. Kete 22 zilizobaki ni akiba.

KUNAMUA. Kila zamu mchezaji hutia kete moja ya akiba katika shimo lake la mbele lenye kete. Shimo la adui linaloelekea hapo likiwa na kete, huzila zote, naye huzitawanya moja moja upande wake akianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Akila katika kichwa au katika kimbi, shimo la pili toka mwisho, lazima aanzie kichwa kilicho karibu, kwingineko huchagua. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imelala. Ikiangukia shimo lenye kete, hula tena kama kuna cha kula mbele yake. Kama hakuna, huzoa kete hizo na kuendelea. Awezaye kula hana ruhusa ya kuacha. Asiyeweza hutakata: hutia kete, huzoa shimo lile na kutawanya, wala hali katika zamu hiyo.

NYUMBA. Zamu ya kula ikiishia katika nyumba, na hakuna cha kula mbele yake, mwenyewe ana hiari kulala au kuisafirisha. Hapa ndipo wengi hupotea. Asiisafirishe kabla ya kuhesabu kete ya mwisho itaangukia wapi. Wala asiikalie mno, maana adui aweza kuila yote kwa zamu moja.

MTAJI. Akiba ikiisha, mchezaji huzoa shimo lake lolote lenye kete mbili au zaidi.

KUSHINDA. Aliyeishiwa kete safu ya mbele ameshindwa, na pia asiye na shimo lenye kete mbili. Basi mwenye kete 40, zote zikiwa nyuma, hushindwa na mwenye 24. Mwanafunzi mchoyo hurundika nyuma akidhani ametajirika, kumbe mlango wake u wazi. Na ailinde safu ya mbele kwanza, mali itafuata.

Kanuni hupishana kidogo mji kwa mji. Wachezaji wapatane kabla ya kuanza.