Neno "work": kazi ni ya nani?

Leo tuchunguze neno moja fupi la Kiingereza, "work". Wengi wetu tunajua kama maana yake ni kazi, basi tunafikiri somo limekwisha. Kumbe bado. Tuliangalie pamoja na ndugu yake "job".

1. "Work" kama jina. Ni kila kazi yenye kuchosha mwili ao akili: kulima, kuteka maji, kufundisha, kurudilia masomo. Iwe na malipo ao bila malipo, ni "work" tu. Lakini muangalie: jina hili halihesabiwi. Juu Kiswahili kinasema kazi mbili, na Kifaransa kina "travaux", wengi wetu tunaandika "two works". Ni kosa. Tuandike "much work", ni kusema kazi mingi. "Works" nalo liko, lakini ni vitabu ao picha za msanii, ao tena kiwanda.

2. "Job". Ni kazi yenye mtu ameandikwa na analipwa. Hii inahesabiwa: "one job, two jobs". Katika karne ya 16 Waingereza waliita hivyo kipande cha kazi. Linakaribiana na kibarua chetu, neno lenye kutoka kwa barua, sababu mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi.

Tofauti hii inaonekana hata katika historia yetu. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kulimisha wanakijiji mimea ya lazima, hadi siku 60 kwa mwaka. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, kulikuwa Salongo, kazi ya lazima bila mshahara. Yote ilikuwa "work", tena nzito. Lakini haikuwa "job" ya mtu yeyote.

3. "Work" kama kitendo. Hapa Kiswahili cha kwetu kinatusaidia. Katika vitabu vya Tanzania, kutumika ni kutumiwa: kisu kinatumika kukata nyama. Lakini huku Walungu tunasema mtu anatumika shambani, redio yenye mawe yamekwisha haitumike, na dawa ya malaria imetumika. Kiingereza kinafanya vilevile: "he works", "the radio does not work", "the medicine works". Kwa hiyo ukisoma "to work", ufikiri kwanza kutumika.

4. Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wakituuliza tuandike juu ya wazazi, wengi tunaandika: "My mother does not work." Juu ya nini? Juu mama hana mshahara. Lakini mama huyo anaamka mbele ya jua, analima mihogo, anapalilia maharagi, anabeba mzigo mgongoni mpaka soko la Mugogo, na katika pesa hiyo minervali yetu inatoka. Sentensi yetu ni ya uongo, hata kama sarufi yake ni nzuri. Tuseme hivi: "My mother has no job, but she works hard."

Tujichunge tena na mtego mmoja. "She works hard" ni kusema anatumika kwa nguvu. "She hardly works" ni kusema karibu hafanyi kitu. Herufi mbili tu zinageuza mama mwenye bidii kuwa mvivu!

Zoezi. Tafsirini kwa Kiingereza:
a) Mashini ya kusaga haitumike leo.
b) Kaka anatafuta kazi Bukavu.
c) Tuko na kazi mingi shambani.
d) Mama hana mshahara, lakini anatumika kila siku.

Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu za kweli juu ya kazi ya mama yake. Akifika nyumbani amusomee, na amufasirie kwa Kiswahili ao kwa Mashi. Mama ndiye atajua kama tumeandika sawa.