Uchaguzi wa Mbinu za Kukusanya Data: Shinikizo la Damu Mbezi Luis kama Mfano

Mwanafunzi wa uzamili anapowasilisha pendekezo la utafiti mbele ya wasimamizi wake, mara nyingi hojaji huwa imekwisha kuchapwa kabla swali la utafiti halijakaa sawa. Hojaji hiyo huwa na kurasa kumi au zaidi, na sehemu yake kubwa imeazimwa kutoka tasnifu ya mtu aliyetangulia. Anapoulizwa kwa nini hakuchagua mahojiano ya kina, au kwa nini hakutumia kumbukumbu za kliniki zilizopo, hujibu kwamba hojaji ni rahisi na nafuu. Jibu hilo lina ukweli wake, kwani fedha na muda ni mipaka halisi. Hata hivyo, linaacha jambo la msingi bila kuguswa: je, mbinu iliyochaguliwa inawafikia watu ambao swali linawahusu?

Makala haya yanachukua swali moja na kulipitisha katika mbinu mbalimbali, ili ionekane kila mbinu inafichua nini na inaficha nini. Swali lenyewe ni la kufundishia: kwa nini watu wazima wa Mbezi Luis walioambiwa kuwa wana shinikizo la juu la damu huacha dawa? Eneo limechaguliwa kwa makusudi. Tangu mwaka 2021, kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohamia hapo kutoka Ubungo na kupewa jina la Magufuli, Mbezi Luis imekuwa mahali ambapo wakazi, wasafiri na watafuta riziki wa mchana huchanganyika kando ya Barabara ya Morogoro. Mama lishe anayepika kituoni huenda analala Kibamba, na dereva wa basi huenda faili lake la kliniki liko Mbeya. Kuamua nani ahesabiwe kuwa mtu wa Mbezi Luis ni kazi ya kwanza ya mtafiti, na daftari la serikali ya mtaa haliwezi kuikamilisha peke yake.

Kitabu cha kliniki na wasiokuwemo

Njia iliyo karibu zaidi ni kumbukumbu zilizopo: vitabu vya MTUHA, mafaili ya wagonjwa na orodha za dawa zilizotolewa. Hazihitaji kumsumbua mgonjwa, zinapatikana kwa miaka mingi nyuma, na zinaeleza vizuri nani alifika, alipimwa kiasi gani na alipewa dawa gani. Kwa swali la mzigo wa kazi wa kliniki, zinatosha.

Kwa swali letu hazitoshi. Aliyeacha dawa huonekana kitabuni kama nafasi tupu, na nafasi hiyo inaweza kuwa na maana kadhaa: mgonjwa ameacha kabisa, ananunua vidonge duka la dawa bila kurudi kliniki, amehamia kituo kilicho karibu na kazi yake, au amefariki. Kitabu hakitofautishi. Tena, mtafiti mwenye jicho kali ataona vipimo vingi vikiishia na sifuri au tano, 130/80 kwa huyu, 140/90 kwa yule, na kwa yule mwingine 130/80 tena. Shinikizo la damu la binadamu halina mazoea hayo. Ni mkono wa mwandishi unaokadiria pale foleni inapokuwa ndefu.

Hatari ya kubaki ndani ya kuta za hospitali imeonyeshwa na kazi iliyofanyika hapa nchini. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne cha Uingereza iliendesha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Watafiti walihesabu watu kaya kwa kaya. Kifo kilipotokea, hata kama marehemu hakuwahi kufika hospitali, walirudi kwa ndugu na kuuliza kwa utaratibu maalumu: ugonjwa ulianzaje, ulidumu siku ngapi, alipooza upande mmoja, alipoteza kauli? Madaktari walisoma majibu hayo na kukadiria chanzo cha kifo.

Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000. Kati ya vifo 7,629 vya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi vilivyoandikwa ndani ya miaka mitatu, 421 vilihusishwa na kiharusi. Katika umri wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi katika eneo la Dar es Salaam vilikuwa 65 kwa mwaka kwa kila wanaume 100,000, na 88 kwa kila wanawake 100,000. England na Wales, mwaka 1993, idadi hizo zilikuwa 10.8 na 8.6. Waliodhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee wa nchi tajiri walipaswa kufikiri upya, na kilichowalazimisha kufikiri upya ni mbinu iliyofuata vifo hadi nyumbani. Mbinu hiyo nayo ina udhaifu wake, kwani inategemea kumbukumbu za wafiwa, na kifo cha ghafla cha moyo kinaweza kuandikwa kuwa kiharusi. Lakini iliona walioachwa nje na vitabu vyote.

Utafiti uliofuata, wa mwaka 2003 hadi 2006, uliwatafuta wagonjwa wapya wa kiharusi katika jamii za Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Sambamba na hesabu hizo, watafiti walifanya mahojiano na wagonjwa, ndugu na waganga wa tiba asili. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2008, ilionyesha kwamba Hai watu wengi walikihusisha kiharusi na sababu za kawaida kama shinikizo la damu na kukimbilia hospitali kwanza, ilhali Dar es Salaam wengi walikihusisha na majini au uchawi na kuanzia kwa mganga. Hapo mbinu mbili zinashikana. Laiti hesabu ingefanywa kwa kusubiri wagonjwa mlangoni mwa hospitali, jiji ambalo wagonjwa wake huanzia kwingine lingeonekana salama kuliko lilivyo.

Kwa kuwa shinikizo la juu la damu ndilo kichocheo kikuu cha kiharusi, suala la dawa zinazoachwa Mbezi Luis lina uzito wa maisha ya watu.

Neno “presha”

Sasa mtafiti ametoka kliniki na hojaji mkononi. Swali la tano linasema: “Je, unatumia dawa ya presha? Ndiyo/Hapana.” Mtu anayemeza kidonge siku kichwa kinapomuuma, au anapohisi moyo unamwenda mbio baada ya ugomvi, atajibu ndiyo kwa moyo mweupe. Katika lugha ya kila siku presha hupanda na kushuka. Ni hali inayokuja na kuondoka, na mara nyingi huletwa na mawazo. Daktari anazungumzia ugonjwa wa kudumu usio na dalili. Wote wawili wanatumia neno moja, na hojaji haitagundua kwamba hawakuelewana.

Kwa sababu hiyo, kwa swali la aina hii ni busara mahojiano ya kina yatangulie hojaji. Watu wachache wanaotofautiana huchaguliwa: dereva, mama lishe, mstaafu, kijana wa bodaboda aliyegunduliwa kwa bahati. Kila mmoja huachwa aeleze kwa maneno yake safari yake na dawa tangu siku ya kwanza. Mahojiano huendelea hadi yale mapya yasiongeze jambo ambalo halijasikika. Baada ya hapo hojaji huandikwa kwa maneno yaliyosikika, kwa mfano: “Mara ya mwisho kumeza kidonge cha presha ilikuwa lini?” au “Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi hukumeza?” Maswali ya namna hiyo hayamlazimishi mtu kujitetea.

Hapa yafaa kutaja namba 384, ambayo wanafunzi huipenda mno. Namba hiyo hutokana na hesabu ya kukadiria uwiano unaodhaniwa kuwa nusu kwa nusu, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia tano, pale watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu mmoja mmoja. Haihusiani na mahojiano ya kina. Na hata kwa hojaji, ikiwa mtafiti amechagua mitaa michache kisha akahoji kaya za mitaa hiyo tu, 384 ni pungufu, maana majirani hufanana.

Majadiliano ya vikundi yana mahali pake: yanafaa kujua nini kinasemekana hadharani kuhusu dawa za presha. Hayafai kumuuliza mwanamume mbele ya wenzake kama ameacha vidonge kwa kuhofia kupungukiwa nguvu za kiume.

Kuuliza na kupima

Hata swali lililotungwa vizuri lina mpaka wake. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2016 hadi 2017, takriban watu 52 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 waliokutwa na maambukizi walieleza kwamba walikwisha kujua hali yao. Damu ilipochunguzwa na wengine kukutwa na dawa za kufubaza virusi, makadirio ya wanaojua yalipanda hadi takriban 61. Tofauti hiyo ni watu waliokuwa kwenye matibabu lakini wakaona si salama kumwambia mgeni. Yeyote anayetafiti jambo lenye unyanyapaa ana somo hapo.

Shinikizo la damu linaweza kupimwa, lakini kipimo nacho ni mbinu yenye masharti. Anayepimwa apumzike ameketi kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, mkanda wa kipimo uwe wa saizi ya mkono wake, na asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Hupimwa mara tatu, na wastani wa vipimo viwili vya mwisho ndio huandikwa. Mpiga debe anayepimwa amesimama kwenye kelele za kituo, jasho likimtoka, atatoa namba, ila namba hiyo itakuwa imepima kituo pamoja naye. Kibanda tulivu chenye kiti cha kuegemea kiingizwe katika bajeti sawa na karatasi na nauli.

Muda nao huchagua watu. Anayepita nyumba kwa nyumba kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri huwakuta wazee, akina mama wenye watoto wachanga na wasaidizi wa kazi za ndani. Waliotoka alfajiri kwenda mjini hawamo. Kama bajeti hairuhusu kurudi jioni au Jumapili, ripoti iseme wazi kwamba wafanyakazi wengi hawakufikiwa. Barua ya serikali ya mtaa na mjumbe wa kuonyesha njia ni vya lazima, lakini mjumbe akishamtambulisha mgeni ni vyema abaki nje. Watu huona haya kusema mbele ya jirani kwamba hawana fedha za dawa.

Haki ya anayehojiwa

Msomaji aliye mgonjwa anaweza kusimamishwa siku yoyote na mtu mwenye kishikwambi. Ana haki ya kuuliza utafiti unahusu nini, nani ameuidhinisha, na majibu yake yatahifadhiwa wapi. Utafiti wa afya huhitaji kibali cha kamati ya maadili, ya chuo au ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Anaweza kukataa, au kuacha katikati, na huduma yake kliniki isiguswe. Jina na namba ya simu vitengwe na majibu, na orodha inayoviunganisha ifungiwe mahali pengine.

Kwa mtafiti kuna wajibu mmoja unaosahaulika katika mapendekezo mengi. Akichagua mbinu ya kupima, atakutana na mtu mwenye 180/120 au zaidi asiyejua. Mtu huyo anatakiwa kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi, kauli nzito au udhaifu wa upande mmoja, apelekwe hospitali mara moja. Pendekezo lieleze ni kituo gani kitampokea, nani atalipa nauli, na mhoji atampigia nani simu. Mambo haya hujaribiwa pamoja na hojaji katika utafiti wa majaribio, kwa watu wachache wa eneo linalofanana, kama Kimara, kabla mhoji wa kwanza hajabisha hodi Mbezi Luis.