Heroini, Ubongo na Kuta za Gereza

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, hufika kwenye ubongo upesi na kushika sehemu maalumu za chembe za neva, zile ambazo kwa kawaida hupokea vituliza maumivu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe. Ikitumiwa kila siku, chembe hizo huizoea: kipimo cha jana hakitoshi leo, na ikikosekana kwa saa kadhaa mtu hushikwa na arosto, yaani maumivu ya viungo, kutapika, kuhara na kukosa usingizi.

Wengi hudhani kwamba kumfungia mtu huyo ni kumponya. Ni kweli kuwa gerezani makali ya arosto hupungua baada ya siku kadhaa, lakini hapo ndipo hatari ilipojificha. Mwili uliokaa bila unga hupoteza uwezo wa kuuhimili, ilhali ubongo haujasahau hamu yake. Mfungwa akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani, pumzi huweza kukatika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wafungwa walioachiliwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki 2 za mwanzo hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Ni vigumu kuiita hiyo tiba.

Methadoni hushika sehemu zilezile za neva, ila hufanya kazi polepole na kudumu kwa saa 24 au zaidi. Kipimo kikiwa sahihi, humwondolea mgonjwa arosto bila kumlevya. Vincent Dole na Marie Nyswander waliitumia kutibu waraibu mjini New York katika miaka ya 1960. Nchini Tanzania ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011.

Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, pengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo heshima ni sehemu ya dawa yenyewe, wala si hisani. Anayeitwa teja dirishani Jumatatu huenda asirudi Jumanne. Akikosa siku kadhaa, hawezi kurejeshewa kipimo chake cha awali mara moja, bali huanzishiwa kidogo. Vivyo hivyo akikamatwa akiwa njiani kwenda kliniki: dawa isipomfuata rumande, arosto humkuta humo.