Ufahamu: Kusoma Herufi za Vimelea

Soma kwa makini kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali.

Ifakara, katika bonde la Kilombero, husifika kwa mpunga. Mji huo una sifa nyingine pia. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapo maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Miongoni mwa viumbe aliowachunguza ni papasi, ambaye hujificha kwenye sakafu ya udongo na kuambukiza watu bakteria wa homa ya papasi. Wakati ule chombo kikuu cha mtafiti kilikuwa hadubini. Mwanamikrobiolojia wa leo husoma pia jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi ya kimelea.

Maelekezo hayo huandikwa kwa herufi nne za kikemikali. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu ina herufi takribani milioni 4.4, ya virusi vya UKIMWI (VVU) ina herufi 9,700 hivi. VVU hujinakili upesi na kwa makosa mengi. Kosa la herufi moja tu laweza kuvipa usugu dhidi ya nevirapini na efavirenzi, dawa zilizotumika nchini kwa miaka mingi. Hapo mgonjwa humeza dawa kila siku, na virusi huendelea kuongezeka. Hadubini haiwezi kutenganisha virusi sugu na visivyo sugu, jenomu huweza.

Katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi afya ya watu wanaoishi na VVU, pamoja na kupima usugu wa virusi katika damu. Majibu ya vipimo vya namna hiyo humsaidia daktari kubadilisha dawa kabla mgonjwa hajadhoofika.

Kazi hii hudai biolojia, kemia, hisabati na kompyuta. Mtahiniwa anayeitamani asiikimbie hisabati: herufi milioni 4.4 hazihesabiki kwa vidole.

Maswali

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) hadubini (b) usugu (c) jenomu.
2. Kwa nini mgonjwa anayemeza dawa kila siku anaweza kuendelea kuumwa?
3. Mwandishi ana maana gani anaposema herufi "hazihesabiki kwa vidole"?
4. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 40.