Mafunzo Niliyopata Nikiupima Mjafari

Aliyekulia kwenye vichaka vya Handeni au Chalinze haambiwi mjafari ni nini. Shina lake limejaa vinundu vya mti mgumu, kila kimoja na mwiba nchani. Majani yake ukiyafikicha yananukia ndimu, na mtu akiumwa jino au akishikwa na homa, gome lake hutajwa mapema. Wataalamu wa mimea huuita Zanthoxylum chalybeum na kuuweka katika ukoo mmoja na mchungwa. Nimefanya kazi ya kemia ya mimea kwa miaka kadhaa na mti huu umenifunza kuliko mingine yote niliyoipima. Sitaeleza hapa namna ya kutengeneza dawa. Nayaandika yale ambayo kijana anayeingia maabara na mfuko wa magome angefaa kuambiwa mapema.

1. Mti kwanza, chupa baadaye

Swali la kwanza huulizwa kichakani: huu ni mti gani hasa? Jina la kienyeji halitoshi. Wamaasai huuita oloisuki, lakini jina hilohilo hulitumia pia kwa ndugu yake, Zanthoxylum usambarense. Ukinunua magome sokoni kwa jina tu, huenda umepata huu, au ule, au mchanganyiko wa yote miwili. Gome lililokaushwa na kukatwakatwa limeshapoteza karibu kila alama ambayo jicho lingeitambua.

Kwa hiyo kata tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwepo, ulibane kati ya magazeti, ulikaushe, kisha ulipeleke hebaria likapewe namba. Andika mahali, tarehe, na sehemu ya mti uliyochukua. Usisahau msimu, kwa sababu mjafari hupukutisha majani kiangazi, na kemikali za mti hazikai katika kiwango kimoja mwaka mzima. Ripoti inayosema tu kwamba magome "yalinunuliwa sokoni" mimi huifunga hapohapo, hata kama imepita kwenye mashine za mamilioni.

2. Muulize mganga unapikwaje

Wanafunzi wengi wakienda kwa mganga hurudi na mambo mawili: jina la ugonjwa na sehemu ya mti. Mzee mmoja wa Handeni, aliyekuwa akijibu maswali yetu kwa subira, alituuliza, "Wanangu, mnauliza unatibu nini. Mbona hamuulizi unapikwaje?" Kisha akaeleza: gome la mzizi, linapondwa, linachemshwa kwa maji mpaka yageuke manjano, na anayekunywa anapimiwa.

Maelezo hayo ni kemia tupu. Mgonjwa wa mzee anakunywa kile kinachotoka kwa maji ya moto. Sisi maabara tunapenda methanoli kwa sababu inavuta karibu kila kitu, lakini dondoo la methanoli si kile kinachonywewa kijijini. Ukitaka kusema lolote juu ya dawa ya mzee, tengeneza na dondoo la maji, kwa namna yake, ulipime sambamba na hilo lingine.

Kisa cha Tu Youyou wa China kinajulikana, ila watu hukumbuka tuzo na kusahau sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikundi chake kilikuwa kikipima mmea wa Artemisia annua dhidi ya malaria, na matokeo yalikuwa yakiyumba. Alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4, akaona kwamba mmea ule uliloweshwa majini, ukakamuliwa, maji yake yakanywewa. Hakukutajwa moto. Akahisi kuwa joto ndilo lililokuwa likiharibu, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na kazi ikafunguka mpaka kwenye artemisinini. Nobeli ilikuja mwaka 2015.

Kwenye mjafari mambo ni kinyume, na hilo nalo linapendeza. Alkaloidi zake za manjano, keleritrini na nitidini, hubeba chaji ya umeme, kwa hiyo maji huweza kuzitoa gomeni. Sufuria ya mzee ina mantiki yake.

3. Kivulini

Kausha kivulini penye hewa, katika vipande vidogo. Jua kali huondoa mafuta yanayonukia, na unyevu huleta kuvu, ambaye naye hutengeneza kemikali zake. Kinu kisafishwe kabla ya kusaga.

4. Rangi ni hodi tu

Hapa ndipo vijana wengi wanapofurahi mno. Unatia matone ya kitendanishi cha Dragendorff kwenye dondoo lenye asidi, na mashapo ya rangi ya chungwa yanatuama: alkaloidi! Unatia feri kloridi, inageuka bluu-nyeusi au kijani kilichokolea: tanini! Unatikisa dondoo la maji, povu linasimama dakika kumi na zaidi: saponini! Unatia magnesi na asidi ya haidrokloriki, inakuja rangi ya waridi: flavonoidi! Baada ya saa moja una jedwali lililojaa alama za kujumlisha, na linavutia kulitazama.

Lakini majibu hayo ni kama hodi mlangoni: unajua kuna mtu nje, hujui ni nani wala amefuata nini. Alkaloidi ni ukoo wenye maelfu ya jamaa, baadhi dawa, baadhi sumu, wengine hawana habari na mtu. Tena hodi yenyewe hudanganya. Kitendanishi hiki, kilichopewa jina la Georg Dragendorff, profesa wa karne ya 19 katika mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, huweza kuitikia hata protini na baadhi ya kumarini, na ukoo wa mchungwa una kumarini tele. Kwa upande wa pili kuna kafeini, alkaloidi inayonywewa kila asubuhi duniani kote, ambayo kwa kitendanishi kingine cha alkaloidi, kile cha Mayer, haitoi mashapo. Kwa hiyo huwa kuna "ndiyo" za uongo na "hapana" za uongo, na jedwali halioneshi zipi ni zipi.

Ninao mtihani mmoja ninaowapa wanafunzi. Pimeni majani ya chai ya dukani. Yana tanini, yana flavonoidi, yana saponini, yana alkaloidi. Kwa mantiki ya ripoti nyingi za miti shamba, zile zinazomalizia kwa kusema kuwapo kwa makundi haya "kunathibitisha matumizi ya mmea katika tiba asili", chai ingetibu kila ugonjwa uliotajwa humo. Hakuna mmea unaokosa kemikali. Cha kuuliza ni ipi, kiasi gani, na inafanya nini.

Hiyo haina maana vipimo vya rangi vitupwe. Ni rahisi, ni vya haraka, na maabara isiyo na umeme wa uhakika inaweza kuvifanya. Ila viwe na wenzao wa kulinganisha: bomba moja lenye kiyeyushi peke yake, na lingine lenye kitu unachokijua, kwa mfano kwinini kwa alkaloidi. Bila hivyo, tofauti kati ya alama mbili za kujumlisha na tatu ni hisia za anayetazama.

5. Taa ya urujuanimno

Baada ya mabomba, nenda kwenye kromatografia ya tabaka jembamba. Ni bamba dogo lililopakwa silika, tone la dondoo chini, kiyeyushi kinapanda, na kila kemikali inakwama mahali pake. Bamba la gome la mzizi wa mjafari chini ya taa ya nanomita 366 ni kitu cha kukaliwa kitako: mistari ya manjano inang'aa gizani, na kwa kawaida mingine ya samawati juu yake. Hapo kwa mara ya kwanza unaona vitu mbalimbali vikisimama peke yake, si kundi. Ukipulizia Dragendorff juu ya bamba hilohilo, unajua ni mstari upi ulioitikia. Kama bajeti inaruhusu kipimo kimoja tu zaidi ya mabomba, kiwe hiki.

6. Chupa nayo hutengeneza vyake

Somo hili sikulipata kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza. Keleritrini na nitidini zina kaboni moja, jirani na naitrojeni, iliyo tayari kushikwa na chochote kinachopita. Methanoli ikikaa nazo, inaweza kujibandika hapo. Ukitumia amonia kuzitenga na kisha asetoni, asetoni inajibandika. Mwishoni unatenganisha fuwele safi, unapima, unachora umbo lake, unapata alkaloidi yenye kipande cha asetoni mgongoni, na unaipongeza miti ya Afrika kwa ubunifu wake. Alkaloidi za namna hiyo zimeripotiwa mara nyingi kutoka miti ya jenasi hii, na wanakemia wengi huzitilia shaka kuwa ni kazi ya chupa.

Dawa ya shaka hiyo si ghali. Toa dondoo lingine kwa etanoli na lingine kwa maji, uyapange kwenye bamba moja. Kinachotokea tu pale asetoni ilipopita hakikutoka mtini. Na vyombo vya plastiki vina yao: thaleti, kemikali zinazolainisha plastiki, huingia kwenye viyeyushi na zimewahi kutangazwa kama bidhaa za mimea. Tumia glasi, na vukiza kiyeyushi kitupu uone kinabakiza nini.

7. Kuua si kuponya

Kipimo cha Artemia, wale vidudu wa maji ya chumvi wanaoanguliwa kwenye beseni, kilielezwa na Meyer na wenzake mwaka 1982 na kimependwa sana na maabara zetu kwa sababu ni rahisi. Dondoo linaloua nusu yao ndani ya saa 24 kwa chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita huitwa hai. Neno hilo "hai" limewapotosha wengi. Kipimo kinaonesha kuwa kitu fulani humo kina nguvu juu ya kiumbe hai. Kinaweza kuwa dawa ya kesho au sumu ya leo.

Mwaka 1995 watafiti waliripoti kwamba nitidini, waliyoitenga kutoka Toddalia asiatica, mmea wa ukoo huohuo wa mchungwa unaotumiwa na Wapokot wa Kenya kwa homa, inaua vimelea vya malaria kwenye sahani kwa viwango vidogo mno. Habari hiyo ni ya kweli na nzuri. Lakini nitidini na keleritrini zinajulikana pia kwa kudhuru seli za wanyama na binadamu. Kwa hiyo namba ninayoitafuta ni uwiano: kiasi kinachodhuru seli za mtu, kugawanya kwa kiasi kinachoua kimelea. Uwiano mdogo haufurahishi, na kuwa mti ni wa asili hakuukuzi. Mzee wa Handeni hakuwahi kusoma juu ya uwiano huo, lakini alipimia kila mgonjwa na alikataa katakata kuwapa wajawazito.

8. Peleka majibu kwa aliyekupa swali

Tuliporudi kwake na karatasi zetu, mzee hakujali majina ya alkaloidi. Alikuwa na swali lake, bora kuliko letu. Kila anapochimba mzizi, mti unadhoofika au unakufa, na sasa anatembea mbali kuupata mjafari mwingine. Je, gome la shina au la matawi lina kile kilichomo mzizini? Maana tawi huchipua tena.

Swali hilo bamba la silika linaweza kulianza kwa gharama ndogo: mzizi, shina, tawi, jani, vinne kwenye mstari mmoja. Ningependa kuona wanafunzi kumi wakilifanya hilo, kila mmoja na mti wake, kuliko jedwali jingine la alama za kujumlisha. Tulipolifanya, gome la shina lilionesha mistari ileile ya manjano, ila hafifu kuliko ya mzizi. Majani yalitoa picha nyingine kabisa, na kwa mti wenye harufu ya ndimu hilo halishangazi, kwani mafuta ndiyo yamejaa humo.

"Hafifu kwa kiasi gani?" akauliza mzee. "Nikitia gome la shina mara mbili, itatosha?"

Bamba halijibu hilo. Inabidi kupima kiasi, kwa mashine, na kwa maji yaliyochemshwa kama anavyochemsha yeye. Ametupa magome ya shina na ya mizizi kutoka mti mmoja, na kazi hiyo sasa iko mezani.