Simu Unayotaka Kununua Italindwa Hadi Lini?

Kila mara kuna simu mpya sokoni, na matangazo yanaimba yale yale: kamera kali, betri kubwa, skrini inayong'aa. Sawa, hayo ni muhimu. Lakini simu yako pia ni mfuko wako wa pesa. Kwa hivyo leo tuzungumzie kitu ambacho ni nadra kukiona kwenye bango: muda wa masasisho ya usalama.

Sasisho la usalama ni nini?

Hakuna programu isiyo na kasoro. Kasoro ikigunduliwa, kampuni huiziba kwa kukutumia sasisho. Google hutangaza kasoro za Android zilizozibwa, na tangazo hilo linasomwa na kila mtu, wezi wakiwemo. Simu iliyopata sasisho iko salama dhidi ya kasoro hizo. Ile ambayo haipati tena inabaki na tundu ambalo wezi tayari wanalijua.

Miaka huhesabiwa kutoka wapi?

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Miaka ya masasisho huhesabiwa tangu simu ilipozinduliwa, si tangu siku uliyoinunua. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 iliyotoka Oktoba 2023. Hiyo inafika 2030. Ukiinunua 2027, umebakisha miaka 3 tu.

Si lazima ununue simu ya bei ya juu. Samsung iliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16, simu ya bei nafuu iliyotoka mwishoni mwa 2024. Sasa linganisha na Galaxy S10 ya 2019. Ilikuwa simu ya kifahari, na ukiipata Ex-UK pale Luthuli Avenue bado inapendeza machoni. Lakini masasisho yake yaliisha 2023.

Kagua kabla ya kulipa

1. Mwambie mwenye duka aiwashe simu. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, halafu Toleo la Android. Tafuta tarehe ya sasisho la usalama.
2. Kama tarehe hiyo ni ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita, iunganishe na intaneti na ubonyeze kutafuta sasisho. Likikosekana, kuna uwezekano mkubwa kwamba simu hiyo imeshaachwa.
3. Tafuta mwaka ambao modeli hiyo ilizinduliwa na miaka iliyoahidiwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Jumlisha mwenyewe. Usitegemee neno la muuzaji pekee.

Ukikuta miaka iliyobaki ni michache, hiyo ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke, au kuangalia simu nyingine.

Na kama simu uliyo nayo imeshapitwa?

Tunajua si kila mtu anaweza kubadilisha simu mwezi huu. Bado kuna mambo ya kufanya:

- Tenganisha pesa na burudani. Weka laini ya pesa kwenye kabambe. Menyu ya kutuma pesa haihitaji intaneti, na kabambe ya kawaida haiwezi kuwekewa apu za Android, hata zile za wizi. Simu ya zamani ibaki na video na michezo.
- Pakua apu kutoka Play Store pekee. Ukitumiwa faili ya apu kwa WhatsApp, hata na mtu unayemjua, usiifungue. Huenda simu yake imeingiliwa.
- Soma ruhusa. Apu ya tochi inayotaka kusoma SMS zako inatafuta nini huko? Ikatae, kisha uifute.
- Ficha PIN. Usiihifadhi kwenye picha, ujumbe au majina ya simu. Kabambe pia haiwezi kukuokoa ukimtajia mtu PIN yako, na sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza.

Kama una dakika mbili sasa hivi, fungua Mipangilio uangalie tarehe ya simu yako. Kisha mwangalizie mzazi wako pia. Mara nyingi simu zetu kuukuu tunawapa wao, na hapo ndipo pesa za nyumbani hupitia.