Valgrind Inapogoma Kuanza

Swali: Mwanafunzi ameandika programu kwa lugha ya C kwenye kompyuta yenye Ubuntu. Anapoiendesha kupitia Valgrind ili kukagua matumizi ya kumbukumbu, Valgrind inasimama papo hapo na kutoa ujumbe wa kosa unaotaja strlen na faili la ld.so. Eleza chanzo na namna ya kurekebisha. (Alama 5)

Mwongozo: Usikimbilie kupekua programu ya C; hapa ndipo alama hupotea bure. Hakuna hata mstari mmoja wake uliokwisha kutekelezwa. Thibitisha kwa kuandika valgrind ls. Ikigoma na hapo, kasoro haimo katika programu ya mwanafunzi.

Chanzo: Memcheck, chombo cha Valgrind kinachokagua kumbukumbu, huweka funksheni zake badala ya baadhi ya zile za mfumo, strlen ikiwamo. Ili kifanye hivyo ni lazima kizipate kwa majina ndani ya ld.so, faili linalopakia maktaba programu inapoanza. Majina hayo yakiwa yameondolewa ili kupunguza ukubwa wa faili, Valgrind haina pa kuanzia.

Utatuzi: Andika sudo apt update, kisha sudo apt install libc6-dbg. Kifurushi hiki huleta taarifa za majina yaliyoondolewa. Toleo lake lazima lilingane na la libc6 iliyomo kwenye kompyuta. Yakitofautiana, kosa litabaki palepale.

Ujumbe ukisema amri haikupatikana, hilo ni swali jingine kabisa: Valgrind yenyewe haijasakinishwa.